Ndimu, maziwa na gundi ya mgunga: Jinsi uchachu unavyozikutanisha protini na gundi za mimea

Na Mwandishi Wetu

KILA mpishi anajua kwamba maziwa yakikamuliwa ndimu hukatika. Mabonge meupe hujitenga, maji ya rangi ya njano hubaki pembeni, na hakuna namna ya kuyarudisha maziwa yalivyokuwa.

Hata hivyo, katika maduka makubwa ya mijini kuna vinywaji vya maziwa vyenye ladha ya machungwa, embe au stroberi, vyenye uchachu wa kutosha kabisa kukata maziwa, ambavyo hukaa rafuni miezi kadhaa nje ya jokofu na bado hutoka kwenye boksi vikiwa laini kama vilivyotiwa.

Siri yake imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi: pektini, au kwa namba, E440. Ni gundi inayotolewa kwenye maganda ya machungwa na ndimu na makapi ya tufaa. Jamaa yake wa karibu, gundi ya mgunga au gamu arabika, huandikwa E414 kwenye chupa za soda. Gundi hizi na nyingine za jamii hiyo zina tabia moja ambayo wanakemia wameichunguza kwa zaidi ya miaka 100: uchachu ukibadilika, huzikamata protini, huziachia, au huungana nazo na kuwa kitu cha tatu ambacho si protini tena wala si gundi.

Tabia hiyo ndiyo iliyoleta karatasi za risiti zinazojinakili zenyewe, kapsuli za mafuta ya samaki zisizonuka, na hata moja ya nadharia mashuhuri kuhusu chanzo cha uhai. Na ndiyo inayovifanya viwanda vya vinywaji duniani viangalie kwa hofu vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 15, 2023.

Chaji mbili katika maji

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi yako kwenye 7, maziwa mabichi ya ng'ombe kati ya 6.6 na 6.8, na maji ya ndimu kati ya 2 na 3. Namba ikishuka kwa moja, uchachu umeongezeka mara 10, kwa hiyo safari ya kutoka maziwa hadi ndimu ni ndefu kuliko namba zenyewe zinavyoonyesha.

Protini ni mnyororo wa amino asidi. Baadhi ya viungo vya mnyororo huo huachia chembe ya haidrojeni na kubaki na chaji hasi, na vingine hupokea chembe hiyo na kupata chaji chanya. Katika maji yasiyo na uchachu, protini nyingi za chakula huwa na jumla ya chaji hasi. Uchachu ukiongezeka, chembe za haidrojeni hujaa majini, protini huzidi kuzipokea, na chaji yake hupungua hadi kufika mahali ambapo hasi na chanya zinalingana.

Mahali hapo panaitwa nukta ya usawa wa chaji, na kila protini ina yake. Kwa kasini, ambayo ni karibu asilimia 80 ya protini zote za maziwa ya ng'ombe, nukta hiyo ni pH 4.6. Kwa protini kuu inayobaki katika maji baada ya kutengenezwa jibini, ni karibu 5.2. Chini ya hapo, protini inakuwa na chaji chanya.

Gundi za mimea hazina mabadiliko hayo ya sura mbili. Gundi ya mgunga na pektini ni minyororo mirefu ya sukari yenye vikundi vya asidi ndani yake, na vikundi hivyo vinajua kitu kimoja tu, kuachia haidrojeni na kubaki hasi. Uchachu unapozidi sana, chini ya pH 3 hivi, huacha hata hilo, na gundi hukaribia kupoteza chaji yake yote.

Hapo ndipo mlango unapofunguka. Katikati, takriban kati ya pH 5 na 2.5, protini ni chanya na gundi ni hasi, na vitu vyenye chaji zinazopingana huvutana. Juu ya hapo vyote viwili ni hasi na husukumana. Chini ya hapo gundi haina tena cha kushikia.

Wanawake wa vijiji vya kando ya Mto Nile nchini Sudan wamekuwa wakitumia kanuni inayofanana na hii bila kuipa jina. Husaga mbegu za mlonge na kuzikoroga kwenye maji ya mto yenye tope. Protini ya mbegu hizo ina chaji chanya hata katika maji ya kawaida, chembe za udongo zina chaji hasi, na baada ya muda tope hushuka chini ya mtungi na maji meupe hubaki juu.

Kinachotokea kwenye bilauri

Jaribio lililo rahisi kuliko yote hutumia jelatini na gundi ya mgunga. Vyote viwili huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, nyuzijoto 40 au zaidi, kwa sababu jelatini ikipoa huganda yenyewe na kuharibu jaribio. Vikichanganywa, maji hubaki maangavu. Kisha siki au asidi nyingine hafifu hutiwa tone kwa tone.

Mwanzoni hakuna kinachoonekana kwa macho, lakini kazi imeshaanza. Protini nzima ikiwa bado na chaji hasi kidogo, ina mabaka machache ya chaji chanya juu yake, na gundi hushika mabaka hayo. Viungano vya kwanza ni vidogo mno na bado vimeyeyuka majini. Vyombo vya kupima mtawanyiko wa mwanga ndivyo pekee vinavyovigundua.

Matone machache zaidi, na ghafla bilauri yote inakuwa nyeupe kama maji ya mchele. Chini ya hadubini weupe huo si vumbi wala mabonge, bali ni matone ya mviringo, matone ya kimiminika ndani ya kimiminika. Yakikutana huungana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Yakiachwa hutuama, na baada ya saa kadhaa chini ya bilauri kuna tabaka zito lenye karibu protini na gundi yote, na juu yake kuna maji yaliyobaki na vichache sana.

Mtu angedhani kwamba nguvu inayofanya kazi hapa ni mvuto wa chaji peke yake. Sehemu kubwa ya msukumo, kwa kweli, inatoka kwingine. Kila molekuli yenye chaji majini huzungukwa na wingu la ioni ndogo za chumvi zenye chaji ya kinyume. Protini na gundi vikishikana, havihitaji tena mawingu hayo, na ioni zote zinaachiwa zitawanyike zitakavyo. Uhuru huo wa maelfu ya ioni ndogo ndio unaolipia gharama ya kuzifunga molekuli mbili kubwa pamoja.

Ndiyo maana chumvi ni adui wa viungano hivi. Chumvi ya mezani ikitiwa kwenye bilauri kwa kiasi cha kutosha, weupe hutoweka na maji huwa maangavu tena, kwa sababu ioni zimeshajaa majini na zinaziba chaji za pande zote mbili. Watengenezaji wa michuzi na vyakula vya chumvi wanalazimika kulikumbuka hilo.

Asidi nayo ikizidi, matone huyeyuka. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2003, wa protini za maji ya jibini na gundi ya mgunga, ulionyesha kwamba kwa sehemu mbili za protini kwa moja ya gundi muungano huwa na nguvu zaidi karibu na pH 4, na ikikaribia 2.5 kila kitu hurudi kuwa kimeyeyuka. Uwiano huo wa sehemu mbili kwa moja nao ni muhimu. Gundi ikizidi, chaji hasi zinabaki nyingi kuliko chanya, na matone hayajengeki mpaka uchachu uongezwe zaidi.

Jina kutoka Kilatini

Mkemia F. W. Tiebackx ndiye aliyeeleza mwaka 1911 kwamba mchanganyiko wa jelatini na gundi ya mgunga hutengana ukitiwa asidi. Alieleza alichokiona bila kukipa jina.

Jina lilikuja mwaka 1929, pale Waholanzi wawili, H. G. Bungenberg de Jong na H. R. Kruyt, walipoliita jambo hilo koasavesheni, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kurundika pamoja. Bungenberg de Jong aliendelea nalo kwa miongo, akichora ramani za pH, chumvi na uwiano ambazo wanaosoma somo hili huanzia nazo mpaka leo.

Mwanabiokemia wa Kirusi, Alexander Oparin, aliyasoma maandishi ya Waholanzi hao na kuona ndani yake jambo kubwa zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1936 alipendekeza kwamba matone ya namna hiyo, yakikusanya kemikali kutoka katika bahari ya kale, huenda yalikuwa hatua ya kuelekea seli ya kwanza hai. Nadharia hiyo ilipendwa, ikapuuzwa, kisha ikarudi kwa mlango wa nyuma: mwaka 2009 watafiti waliokuwa Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba ndani ya seli za mnyoo mdogo wa maabara kuna chembe zinazotenda kama matone ya kimiminika, hukutana, huungana na kuyeyuka. Tangu hapo matone ya protini ndani ya seli yamekuwa uwanja mzima wa utafiti, ukiwemo wa magonjwa ya neva ambamo matone hayo hugeuka kuwa magumu.

Risiti inayojinakili

Aliyeipeleka koasavesheni sokoni ni Barrett K. Green wa kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Ohio, nchini Marekani. Kampuni hiyo iliuza mashine za fedha za madukani na ilitaka risiti ya nakala mbili bila karatasi ya kaboni inayochafua vidole.

Green alitia matone madogo ya mafuta yenye wino usio na rangi ndani ya mchanganyiko wa jelatini na gundi ya mgunga, kisha akashusha pH. Muungano wa protini na gundi, badala ya kuelea peke yake, ulijikusanya kuzunguka kila tone la mafuta na kulifunika. Mchanganyiko ukapozwa, jelatini ikaganda, na utando ukaimarishwa kwa kemikali. Kila tone la mafuta likawa ndani ya ganda lake lenye upana wa maikromita chache.

Kapsuli hizo hupakwa chini ya karatasi ya juu. Karatasi ya chini hupakwa aina ya udongo wenye asidi. Kalamu ikikandamiza, kapsuli hupasuka, wino hukutana na udongo na kugeuka wa bluu. Karatasi za aina hiyo ziliingia sokoni mwaka 1954 na hataza ya Green na mwenzake ilitolewa mwaka 1957. Vitabu vya risiti na hati za mizigo vyenye karatasi nyeupe, ya njano na ya waridi ni wajukuu wa kazi hiyo. (Si kila kilichokuwemo kilikuwa cha kujivunia: hadi mwaka 1971 mafuta yaliyotumika Marekani kuyeyushia wino huo yalikuwa ya jamii ya PCB, sumu isiyooza ambayo baadaye ilikutwa katika karatasi zilizosagwa na kutumika upya.)

Njia ya Green ilihamia kwenye vitu vingine. Leo hutumika kufunika manukato, ladha, na mafuta ya samaki yanayotiwa katika vyakula bila mlaji kusikia shombo. Ganda hustahimili maji baridi na huachia kilichomo linapotafunwa au kupashwa moto.

Maziwa yasiyokatika

Turudi kwenye boksi la maziwa, kwa sababu hapo ndipo pH inapomgusa mlaji kila siku, na ndipo kiwanda kidogo kinapopata faida au hasara.

Kasini haielei katika maziwa ikiwa molekuli mojamoja. Imejikusanya katika vifundo vidogo visivyoonekana kwa macho, na juu ya kila kifundo kuna manyoya mafupi ya aina moja ya kasini yenye chaji hasi. Manyoya hayo ndiyo yanayozuia vifundo visigusane. pH ikishuka kuelekea 4.6, manyoya hulala, chaji huisha, na vifundo hushikana. Hivyo ndivyo mtindi unavyoganda, na mala ya Kenya vilevile, isipokuwa kwamba huko asidi inatengenezwa polepole na bakteria, na kwa hiyo mgando ni laini kuliko wa ndimu.

Mtindi uliowekwa baridi na kunywewa ndani ya siku chache hauhitaji gundi yoyote. Tatizo huanza pale mtengenezaji anapotaka kuupasha moto mkali ili ukae bila jokofu. Joto hukaza mgando uliokwisha kushikana, maji hujitenga, na kinywaji huwa na chengachenga kama mchanga mdomoni. Katika nchi ambazo umeme hukatika na maduka mengi hayana jokofu, hilo ndilo linaloamua kama maziwa ya mfugaji wa mbali yatafika mjini yakiwa bidhaa au yakiwa hasara.

Pektini huingia hapa. Kwenye pH ya maziwa mabichi haishikamani na kasini, kwa kuwa zote ni hasi. Ikitiwa nyingi katika maziwa yasiyo na uchachu huweza hata kuleta madhara: huvisukuma vifundo vya kasini vikusanyike upande mmoja, na tabaka mbili hujitokeza bila tone la asidi. Lakini pH ikipita chini ya 5, sehemu zenye chaji za pektini hunata juu ya vifundo, na sehemu zisizo na chaji hubaki zikining'inia majini kama mikia. Kifundo kilichopoteza manyoya yake kimepewa mengine.

Kazi hiyo inahitaji mpangilio. Pektini huchanganywa kwanza na sukari kavu ili isifanye madonge, huyeyushwa katika maji ya moto, kisha hutiwa kwenye maziwa au mtindi. Baada ya hapo ndipo uchachu hurekebishwa, mchanganyiko hupitishwa kwenye mashine ya kuusaga kwa shinikizo, na mwisho hupashwa moto. Anayepasha moto kwanza na kutia pektini baadaye amechelewa, kwa kuwa mabonge yameshakaza na gundi itayapaka kwa nje tu.

Kiasi nacho kina mtego. Vinywaji vingi vya aina hii hutumia pektini chini ya asilimia 1, mara nyingi kati ya 0.3 na 0.5. Anayebana matumizi kwa kutia kidogo mno hapati nusu ya faida, bali hupata madhara: uzi mmoja wa pektini hushika vifundo viwili kwa wakati mmoja na kuvifunga pamoja, na mashapo huwa mengi kuliko kama asingetia kitu. Na anayetia uchachu kupita kiasi, chini ya pH 3.5 hivi, huiondolea pektini chaji yake na kuulegeza mshiko uleule alioulipia.

Kwa hiyo kifaa muhimu katika chumba cha kutengenezea kinywaji cha namna hii ni kipima pH kilichosahihishwa asubuhi ya siku hiyo. Ulimi wa mjuzi husaidia kujua ladha, lakini hauwezi kutofautisha 4.2 na 3.9 kila siku bila kukosea.

Mwani wa Zanzibar

Si kila gundi inasubiri uchachu. Karajinani, E407, hutolewa kwenye mwani mwekundu unaolimwa katika pwani za Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi inayofanywa zaidi na wanawake.

Gundi hii ina vikundi vya salfeti, ambavyo hubaki na chaji hasi hata katika uchachu mkali. Aina moja, inayoitwa kapa, hukamata kasini ya manyoya kwenye pH ya maziwa ya kawaida, kwa sababu kasini hiyo ina baka la chaji chanya ingawa jumla yake ni hasi. Kiasi cha gramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo moja hutosha kuunda wavu dhaifu unaozuia unga wa kakao usituame chini ya maziwa ya chokoleti.

Katika uchachu, mvuto wa salfeti na protini huwa mkali mno, na kinachopatikana aghalabu ni mashapo ya nyuzinyuzi badala ya matone ya kimiminika. Ni mfano mzuri wa kwamba muungano bora kwa kazi ya kapsuli huhitaji mvuto wa wastani.

Kapa hutoka katika mwani unaojulikana na wakulima kama kotoni. Huo ndio wenye bei nzuri zaidi, na ndio unaokufa upesi maji yanapopata joto. Sehemu kubwa ya mavuno ya Zanzibar imekuwa ya spinosamu, yenye aina nyingine ya karajinani na bei ya chini.

Kuna pia gundi zisizo na chaji kabisa, kama ya guar, E412, inayotumika kwenye aiskrimu. Hizo haziungani na protini kwa pH yoyote.

Jelatini ya mnyama gani?

Kwa walaji wengi wa Afrika Mashariki swali la kwanza si pH bali asili ya jelatini, na maswali hayo mawili yanahusiana kuliko yanavyoonekana.

Jelatini iliyoandaliwa kwa asidi, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye ngozi ya nguruwe, ina nukta ya usawa wa chaji kati ya 7 na 9. Ni chanya katika eneo pana sana, kwa hiyo ni rahisi kuiunganisha na gundi. Jelatini iliyoandaliwa kwa chokaa, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, ina nukta karibu na 5, na mtengenezaji hulazimika kushuka zaidi kwenye uchachu na kuwa mwangalifu zaidi.

Neno jelatini likiandikwa peke yake kwenye lebo halielezi mnyama, na ganda la kapsuli ya ladha ni sehemu ndogo mno ya chakula. Mlaji Mwislamu anayetaka uhakika hana budi kutafuta alama ya halali. Viwanda navyo vimekuwa vikijaribu jelatini ya samaki, protini za maji ya jibini na protini za njegere pamoja na gundi ya mgunga. Kila mbadala una nukta yake, na kila mara ramani ya pH inachorwa upya.

Gundi ya Kordofan

Upande wa gundi, mbadala ni mgumu zaidi kupatikana.

Gundi ya mgunga bora hutoka kwenye mti ambao Wasudani huuita hashabu, Acacia senegal kwa jina la kitaalamu lililozoeleka, na ya daraja la pili kwenye mti wa talha, Acacia seyal. Mvua zikiisha, kuanzia Oktoba, wagemaji wa Kordofan na Darfur hubandua gamba la matawi kwa chombo chenye mpini mrefu kiitwacho sunki. Wiki kadhaa baadaye utomvu umekauka kwenye jeraha ukiwa kama kokoto za rangi ya asali, nao hukusanywa kwa mkono, tena na tena, hadi msimu wa joto.

Gundi hii ina asilimia 2 hivi ya protini ndani yake yenyewe, na hiyo ndiyo siri ya soda. Katika sehemu moja ya gundi, protini na sukari vimefungwa na mti kwa viungo vya kudumu visivyotegemea pH. Protini hutia nanga kwenye tone la mafuta ya machungwa, sukari huenea majini kama matawi, na tone halipandi juu ya chupa. Protini za maziwa au mayai zingefanya kazi hiyo katika maji ya kawaida, lakini katika safari ya kushuka hadi pH 3 ya soda zingepita kwenye nukta zao na kushikana. Wanga uliorekebishwa kiwandani huchukua sehemu ya kazi hiyo, si yote.

Uzito wa gundi hii kisiasa ulionekana zamani. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi iliachiwa mlango wa kuendelea kuingia, na vikwazo vyenyewe viliondolewa mwaka 2017. Mwaka 2007, balozi wa Sudan mjini Washington, John Ukec Lueth, aliinua chupa ya soda mbele ya waandishi wa habari akitishia kwamba nchi yake inaweza kuzuia gundi.

Sudan imekuwa ikikadiriwa kutoa kati ya asilimia 70 na 80 ya gundi yote inayouzwa duniani, na mikoa inayoitoa ndiyo iliyogeuka uwanja wa mapigano kati ya jeshi na kikosi cha RSF. Wagemaji wamekimbia, maghala yameporwa, na gundi imeripotiwa kuvushwa mipaka kwenda nchi jirani na kuuzwa bila hati za asili yake. Mnunuzi anayetaka kujua kama fedha yake imelipia risasi hana njia rahisi ya kujua.

Mti huohuo huota Kenya, katika ukame wa Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir na Mandera, na Tanzania katika mikoa mikavu ya kati, ambako baadhi ya watu huuita kikwata. Kaskazini mwa Kenya gundi hukusanywa zaidi na wanawake na wachungaji, mara nyingi ile iliyochuruzika yenyewe bila mti kugemwa, na kwa familia iliyopoteza mifugo kwa ukame hiyo huwa fedha ya kununua unga. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imekuwa ikifundisha ugemaji na usafishaji.

Kikwazo ni mchanganyiko. Mkusanyaji anayetia kwenye gunia moja kokoto za miti mitatu tofauti ametia ndani yake gundi tatu zenye kiasi tofauti cha protini na cha asidi. Machoni zinafanana. Kwenye bilauri, siki ikishatiwa, moja itafanya weupe kwa pH 4.2, nyingine kwa 3.8, na nyingine haitafanya, na kiwanda kilichonunua gunia hilo kitalilipia bei ya daraja la chini kabisa.